Ukurasa wa Arobaini na Saba

Jumapili, Kibuye huamka kabla ya kengele za kanisa.
Napita mashati, napita viatu visivyo na wenzi,
napita sufuria zilizotungwa kamba masikioni,
hadi pale Osewe alipotandaza turubai
na mizani ileile aliyopimia omena
enzi zile alipokuwa na mtaji.

Vitabu anauza kwa kilo.
Wateja wake ni akina mama wa njugu;
karatasi nzito, anasema, haipitishi mafuta.
Basi mimi hushindana na njugu,
na mara nyingi njugu hunishinda.
Siku moja nilinunua za shilingi kumi
zikaja zimefungwa kwa mkono wa malaika:
dole gumba tu, na ncha ya bawa.
Nikala polepole. Nikaikunjua. Nikaipiga pasi.

Aluoch, mke wangu, huniuliza:
Hivi vyote utavisoma lini?
Sivisomi, namwambia, navitazama.
Mimi ni fundi wa vibao, mwaka wa thelathini na moja sasa.
Yule kuku wa pale Kondele, anayechekelea kuchinjwa kwake,
wekundu wa kilemba chake niliuiba
kwenye joho la askofu
katika kitabu kisicho na jalada wala mwanzo.

Lakini kitabu chenyewe, kile ninachonawa mikono kabla ya kukishika,
kilitoka Milimani, mwaka wa mvua nyingi,
nyumbani kwa daktari wa meno aliyefariki
na wanawe wa ng'ambo wakapiga simu: uzeni, uzeni vyote.
Ndani, kwa wino, maandishi ya Kigujarati,
nguo zilizoanikwa bila kamba.
Harufu ya karafuu na nondo.
Kila picha imebandikwa kwa gundi upande wa juu peke yake,
ukiipulizia inainuka,
na mbele yake karatasi nyororo, shela ya bibi harusi.

Ukurasa wa arobaini na saba, shela ipo,
bibi harusi hayupo.
Madoa manne ya gundi, na chini jina limebaki
likimngoja mwenyewe: Mwanamke Akichambua Dengu.

Miaka saba nilimtafuta.
Niligeuza mafurushi ya Osewe hadi akanikataza,
nikachungulia vikapu vya watu
kama mtu aliyeibiwa kuku.

Mwezi wa tatu nikaitwa Manyatta,
hoteli ya Perpetua Nyar Ugenya,
kuandika CHAI CHAPATI MADONDO.
Nikainua macho kutoka kwenye kopo la rangi.
Juu ya kabati la mikate, ndani ya kioo cha saa mbovu,
shingo imeinama, vidole kwenye ungo.
Nikapima kwa kiganja, kwa mbali: ndiye.
Mvuke ulikuwa umemvimbisha pembe,
moshi umempaka rangi ambayo mchoraji wake hakuwa nayo.

Nani yule?
Mama, akajibu, bila kugeuka, akisukuma chapati.
Alikuja na njugu. Nikaikunjua, nikakaa chini.
Tulimzika bila picha hata moja, hata ya kitambulisho.
Sasa wajukuu wanamjua.

Malipo ya awali yalikuwa mfukoni.
Ulimi ulishapanga bei,
ulishapanda hadi elfu mbili,
tatu.
Chai ikaletwa, nikaimeza pamoja na bei.
Herufi ya C ikanipinda kidogo.
Ingali imepinda.

Usiku nilinawa mikono, nikafungua.
Nikaifunua ile shela, nikachonga penseli laini,
na katikati ya madoa manne ya gundi nikaandika
kwa herufi ndogo ambazo kibao hakijawahi kunidai:

Haijapotea. Iko Manyatta, ukuta wa kushoto.
Anayetaka kuiona
aagize chai.